Mwaka Jua Lilipokwama Kabla ya Pengo

Kwetu Nambis, babu hakupanda mahindi kwa kalenda. Alipanda kwa pengo.

Pengo lilikuwa juu ya kilima cha mashariki, kati ya majabali mawili yaliyosimama kama meno ya mtoto aliyeng'oka jino la katikati. Wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba, jua lilichomoza mbali kushoto kwake, juu ya msitu. Halafu kila asubuhi lilisogea kidogo kuelekea kulia, kidogo mno kiasi kwamba ukiangalia leo na kesho huoni tofauti, ila ukikaa muda bila kuangalia unashtuka. Babu alikaa mlangoni, blanketi begani, mikono juu ya fimbo, akilingoja kama mtu anayengoja mgeni ambaye ana hakika atafika. Siku lilipochomoza katikati ya majabali yale alisimama na kusema neno moja tu, "Limeingia." Mama akapanda darini kushusha mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya moshi, babu akadondosha punje ya kwanza, na sisi wengine tukafuata na majembe. Katika nyumba yetu hakuna aliyetia mbegu ardhini kabla ya mzee wa nyumba. Ilikuwa hivyo kwa baba yake, na kwa babu yake pia.

Nilipokuwa darasa la sita, jua halikuingia.

Mwaka huo vitu vingi vilikuwa vimehama. Kwanza tulihama sisi. Korongo lililokuwa chini ya shamba lilikula ardhi kila masika, na masika yaliyopita lilifika nyuma ya zizi. Ukilala ulisikia udongo ukijimega, puuu, kama mtu anayeshusha gunia. Baba alikuwa ameanza biashara ya vitunguu saumu, maana siku hizo kila mtu aliruhusiwa kununua na kuuza anachotaka, na kwa vitunguu hivyo akatujengea nyumba ya bati upande wa pili wa kijito, upande wa kaskazini. Hatukwenda mbali. Mama akisimama nyumba mpya akaita, mimi nikiwa nyumba ya zamani nilisikia na kuitika. Lakini babu alihama wa mwisho, na alihama kwa shida. Kaburi la bibi lilibaki kule, karibu na ua wa minyaa. Alivuka kijito na fimbo yake bila kugeuza shingo, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kule.

Halafu tukahamishwa mkoa. Tulilala Arusha tukaamka Manyara. Shuleni kibao kilipakwa rangi upya, na babu aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

"Wametuhamisha bila kutubebea hata chungu!"

Nilicheka naye. Lakini nikiwa peke yangu nilijiuliza: kama mkoa mzima unaweza kuhama na hatukusikia hata mtikisiko, ni nini kingine kinahama?

Ndipo mwalimu wa jiografia akaja darasani na kandili, kiazi mviringo kilichochomekwa njiti, na pia ya kuchezea.

Aliweka kandili mezani, akasema hili ni jua. Kiazi kilikuwa dunia na njiti ilikuwa mhimili wake. Akakiinamisha kiazi, akaanza kuizunguka meza polepole huku akikisokota kwa vidole.

"Dunia iko safarini," alisema. "Haijawahi kukaa chini ikapumzika. Inajizungusha yenyewe, tunapata mchana na usiku. Inalizunguka jua, tunapata mwaka. Sasa angalieni njiti. Inaelekea wapi?"

"Mlangoni!"

"Nikifika huku?"

"Mlangoni!"

"Haya. Njiti haibadiliki, lakini nikiwa upande huu, nusu ya juu ndiyo inaliinamia jua. Nikiwa upande ule, nusu ya chini. Mwezi wa kumi na mbili kusini ndiko kunakoliinamia jua, kwa hiyo mnaliona likichomoza kwa kuelekea kusini. Mwezi wa sita ni kinyume chake. Jua halijaenda popote. Ni sisi."

Nilifurahi kiasi cha kusahau kunyoosha kidole. "Ndiyo maana linaingia pengoni!"

"Pengo gani?"

"La kilimani kwetu."

Darasa likaangua kicheko. "Sawasawa," akasema mwalimu, "na la kilimani kwenu."

Laiti kipindi kingeishia hapo, ningerudi nyumbani nikirukaruka. Lakini mwalimu akaichukua ile pia, pia ya mti kama wanazochapa wavulana kwa kamba ya katani, akaizungusha juu ya meza. Kwanza ilisimama wima ikinguruma. Halafu ikaanza kuinamisha kichwa, na kile kichwa chenyewe kikawa kinachora duara hewani.

"Mnaona kichwa kinavyoyumba? Mhimili wa dunia nao unafanya hivi, ila polepole sana. Duara moja linachukua kama miaka elfu ishirini na sita."

Pia ikazidi kuyumba, ikagonga kandili, ikaanguka na kubingirika chini ya dawati. Darasa likashangilia kama bao limefungwa.

"Mwalimu," akauliza mvulana mmoja wa nyuma, "na dunia nayo itaingia chini ya dawati?"

Kengele ikalia. Mwalimu alikuwa anacheka na kukusanya vitu vyake, na mimi nikamfuata mpaka nje.

"Mwalimu, hiyo miaka elfu ishirini na sita, walianza kuihesabu lini?"

Akaniangalia kama mtu anayetafuta jibu fupi. "Wewe, hebu nenda kachote maji ya bustani."

Simlaumu. Hakujua kwamba mtoto anayemwona akitabasamu kila siku alikwenda na ndoo huku anahesabu miaka. Nilikuwa nafikiri hivi: miaka elfu ishirini na sita ni mingi, ndiyo, lakini kama walianza kuhesabu zamani sana, inawezekana umebaki mmoja. Na ile pia haianguki ikiwa imesimama wima. Inaanguka baada ya kuyumba.

Shule zikafungwa. Mwalimu akapanda gari kwenda kwao Katesh, na swali langu akaniachia.

Mwezi wa kumi na moja jua lilikuja vizuri, likisogea kulia kama kawaida yake. Babu alikaa kwenye mlango wa nyumba mpya akilisindikiza kwa macho. Mvua ya kwanza ikanyesha, ile yenye harufu ya vumbi. Ya pili ikanyesha. Majirani wakaingia mashambani. Sisi jembe letu lilikuwa limeegemea ukuta, na babu alisema, "Bado."

Mvua ikanyesha tena, ya kutosha, udongo ukawa mweusi na laini. Mama akainama, akachukua konzi ya udongo, akaifinyanga, akaiachia.

"Baba," alimwambia babu kwa upole, maana alikuwa mkwewe na hakuweza kumsemesha vinginevyo, "kalenda ya kanisani inaonyesha tumeshaingia Desemba."

"Kalenda imechapishwa wapi?"

"Sijui, baba. Dar es Salaam labda."

"Huko Dar es Salaam kuna kilima chetu?"

Mama akakung'uta mikono. Jikoni aliniambia, bila kunitazama, "Nikipanda kabla yake na mvua ikakata, nitasemwa mpaka kaburini. Na yeye atanyong'onyea mpaka afe. Baba yako angekuwepo, wangeongea wanaume." Baba alikuwa Katesh na vitunguu vyake, na tulimtegemea kurudi Krismasi.

Niseme wazi tulikuwa tunaogopa nini. Ghala lilikuwa tupu. Mahindi yaliyobaki nyumbani kwetu yalikuwa yale ya mbegu tu, yaliyoning'inia darini yamevaa masizi. Duka la ushirika lililokuwa likikopesha mbegu lilikuwa limefungwa, mlangoni kumeota majani, na mbegu za paketi zilikuwa za wenye uwezo. Tulikula viazi vidogo na mboga za maboga. Mdogo wangu akilala chali jioni alinyoosha kidole darini na kusema, "Yale pale." Mama alimwambia, "Yale siyo chakula, yale ni mwakani." Kila siku tuliyokaa bila kupanda, mwakani kulizidi kuwa mbali, na njaa ya mdogo wangu ilizidi kuwa karibu na yale mahindi. Nilimwona mama akiyatazama. Nilijua siku atakayoyashusha kwa ajili ya chungu, tumekwisha.

Na jua likasimama.

Sijui niliandikeje hili lieleweke. Lilikuja mpaka karibu na jabali la kushoto, likabaki hapo. Asubuhi moja, ya pili, ya tatu, pale pale, upana wa viganja viwili kabla ya pengo. Nilikuwa nimezoea kulihisi likitembea, na sasa lilikuwa kama ng'ombe aliyegoma kuvuka maji. Nilikaa miguuni kwa babu nikiiona ile pia mezani, kichwa kikichora duara. Niliwaza, mhimili umeinama zaidi. Umechoka. Nilipotembea nilikanyaga taratibu, jamani, kana kwamba uzito wangu ndio ungeimalizia dunia.

Majirani walianza kwa utani. Mzee mmoja, rafiki wa babu wa siku zote, alipita na jembe akasimama njiani.

"Mnangoja mbegu ziote huko huko darini?"

"Wewe ulipanda lini?" babu akauliza.

"Mvua ilipokuja. Mimi macho yangu hayafiki kilimani siku hizi, ila nikilowa najua nimelowa."

Babu alicheka kidogo, na yule mzee akacheka, lakini kicheko chao hakikukutana. Baadaye utani ukaisha, na kuisha kwake ndiko kulikoniogopesha zaidi. Jirani yetu wa juu, mama mmoja mcheshi sana, alikuwa na kawaida ya kuja asubuhi kuomba kaa la moto kwetu, hata akiwa na kiberiti, kwa sababu alipenda umbea. Asubuhi moja hakuja. Kesho yake nikamwona akipita na kigae chake kwenda nyumba ya tatu. Kwetu zamani nyumba iliyopatwa na mkosi haiombwi moto wala haichanganyi maji na wengine, mpaka muda wake uishe. Watu wanaenda kanisani sasa, wanasema mambo hayo yamepita. Lakini miguu yake ilikumbuka.

Mama naye alimwona. Akasonya, akageukia sufuria.

Mchana wa siku hiyo nilimkuta babu nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta, machozi yamefuata mikunjo ya uso mpaka kidevuni. Sikuwahi kumwona babu akilia. Nilitaka kurudi kimya kimya lakini alishanisikia.

"Njoo ukae."

Nikakaa.

"Tangu nizaliwe halijawahi kukataa," akasema. "Limechelewa kwa mawingu, sawa. Kukataa, hapana. Unajua ni nini?"

Nilidhani atasema kuhusu ile pia. "Sijui, babu."

"Nimemwacha bibi yako peke yake kule na korongo linamsogelea. Nimekuja kulala chini ya bati. Ndiyo maana."

Sasa tulikuwa na hofu mbili ndani ya nyumba moja, yangu na yake, na yangu nilikuwa bado nimemficha. Nilitamani kumwambia siyo bibi, ni dunia imechoka. Lakini ningemfariji kwa lipi hapo? Nikamshika kidole gumba, tukakaa.

Kwa jinsi nilivyompenda bibi, nikaona jambo la babu linarekebishika kuliko langu. Dunia huwezi kuiomba kitu. Bibi unaweza. Kesho yake kulipoanza kupambazuka nikatoka kabla babu hajafungua mlango, nikavuka kijito, nikapanda kwenye boma letu la zamani. Paa lilikuwa limeshatolewa, kuta zimebaki na mlango wazi kama mdomo. Nikapita pembeni nikikimbia nisiuangalie. Kaburini niling'oa majani, nikaweka maua ya njano yanayoota kando ya maji, nikapiga magoti.

"Shikamoo, bibi. Babu hajakuacha. Anaona aibu tu kuja. Tafadhali liachie jua. Mdogo wangu ana njaa."

Nikasikia joto shavuni. Nikageuka.

Jua lilikuwa limechomoza kulia kwa jabali la kulia. Halikuwa kabla ya pengo, wala halikuwa ndani ya pengo. Lilikuwa limelipita kabisa.

Nilipiga ukelele. Sikumbuki kuvuka kijito, nakumbuka tu nimefika uani nimelowa mpaka kiunoni, na babu amekaa mlangoni na blanketi lake.

"Babu! Limepita! Bibi amekubali, limepita pengo!"

Akaniangalia. "Limepita wapi? Nimekaa hapa tangu giza. Limetokea pale pale, kushoto."

"Mimi nimeliona kulia."

"Unanidanganya mimi?"

"Haki ya Mungu, babu. Nilikuwa kwa bibi."

Mama alitoka jikoni akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Ningefurahi ningekuwa na homa. Asubuhi ile ile, jua lile lile, mtu mmoja analiona kushoto na mwingine kulia, na katikati yao kuna kijito unachoruka ukiwa na mbio nzuri! Nikaona sasa mwisho umefika. Dunia inayumba hata imeachana, upande wa bibi umekwenda kivyake na upande wetu kivyake. Nikaingia ndani nikajifunika, nikamvuta na mdogo wangu nikamfunika pia. Yeye alidhani ni mchezo, akawa anacheka ndani ya blanketi. Nilimkumbatia nikilia.

Siku nzima babu alikula kiazi kimoja akaacha kingine. Jioni akaniita.

"Kesho unipeleke kwa bibi yako."

Tulitoka na ukungu. Alinishika bega, na mkono wake ulikuwa mzito kuliko fimbo yoyote. Kwenye kijito aliteleza nikadhani nimempoteza, lakini akashika mzizi, akasema, "Twende, twende, usiniangalie." Alipofika bomani hakwenda kaburini kwanza. Alikwenda kwenye ule mlango usio na paa, akakaa kizingitini pale alipokaa maisha yake yote, na mimi nikachuchumaa pembeni nimeshika blanketi lake.

Jua likachomoza. Kulia kwa jabali la kulia, kama jana.

Babu alilikazia macho. Hakunigeukia. Alinyanyuka, akaanza kutembea kandokando ya mteremko kuelekea nyumba mpya, macho kilimani, akijikwaa kwenye mashimo kama mlevi. Akasimama. Akarudi nyuma hatua kadhaa. Akaenda tena. Nyuma ya kilima, mbali, kulikuwa na wingu moja limekaa, na mimi nikimfuata nikaona ajabu: tukienda kaskazini, lile pengo lilikuwa linateleza chini ya wingu, kuelekea kulia. Tukirudi, nalo linarudi.

"Ukitoka hapa kwenda Tlawi," akasema babu polepole, "siku hakuna mawingu, mlima Hanang unauona umekaa kwenye bega la kilima gani?"

"Kile cha shule."

"Ukifika Tlawi?"

Nikafikiri. "Umeshakiacha. Uko kwingine."

"Hanang imetembea?"

"Hapana."

"Nani ametembea?"

"Mimi, babu."

Akakaa chini kwenye umande, mzee mzima, na blanketi lake. Jua lilikuwa mbali sana, kilima kilikuwa karibu, na sisi tulisogea kaskazini tukabeba mlango wetu tukadhani tumelibeba na pengo letu. Kutoka nyumba mpya jua lisingeingia pengoni kamwe. Lingefika mwisho wa safari yake ya kusini, lingesimama kama linavyosimama kila Desemba, na lingegeuka kurudi, na sisi tungekuwa tumekaa mlangoni tunangoja mpaka tuzikwe.

"Liliingia zamani," akasema. "Liliingia wakati ule ule, nami nimekaa huko na bati langu." Halafu akanitazama, na hofu niliyoiona machoni kwake ilikuwa mpya, hofu ya mtu anayejua kitu gani hasa kinamfukuza. "Mvua ngapi zimepita?"

Babu alikwenda kaburini, akainama, akasema maneno kwa lugha yetu ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu yalikuwa yao wawili. Kisha tukarudi, na yeye ndiye aliyetangulia.

Mama alikuwa uani anapeta. Babu hakumweleza lolote. Alisema, "Shusha mbegu," na mama akaacha ungo ukaanguka.

Tulipanda siku ile mpaka hatuonani nyuso. Babu alidondosha punje ya kwanza na akaendelea, hakurudi kivulini kama desturi yake, alipanda mstari baada ya mstari huku mgongo ukimgomea. Rafiki yake wa utani alipita, akatazama, akaingia shambani na jembe lake bila kuuliza. Baba alipofika Krismasi alikuta tumeshamaliza, akaambiwa yote, akaenda kuukagua udongo kwa kidole. Hakuna aliyemlaumu mzee. Lakini mahindi ya majirani yalikuwa yananifika magotini, na yetu yalikuwa bado chini ya ardhi.

Shule zilipofunguliwa nilimngoja mwalimu mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu. Ile pia itaanguka lini?"

Safari hii hakunituma maji. Labda aliona nilivyokonda. Alichora kwenye vumbi kwa kijiti, duara la dunia na mhimili wake, akanieleza kwamba pia inaangushwa na meza inayoisugua na hewa inayoikwaza, na dunia haina meza. Kuyumba kwake siyo kuchoka, ni jinsi inavyokwenda, na hakukuanza kwa siku ambayo mtu anaweza kuitaja. Akasema mtu akiishi mpaka azeeke, mhimili unakuwa umesogea kidogo tu, labda nyota nazo zinakuwa zimeachana kidogo na majira yake, lakini kilimani kwenu huwezi kuona. Nilimsikiliza nikashukuru. Nilipunguza hofu ile, sikuimaliza. Hata leo nikilala chali nje huwa nashika majani kidogo.

Hofu kubwa ilikuwa imeshahamia shambani. Mwezi wa nne mvua zikaanza kuruka siku. Mahindi ya wengine yalikuwa yanakauka kwa raha zake, yetu yalikuwa ndiyo yanatoa mbelewele, na mbelewele haisubiri. Tulisali. Mama alikuwa anaamka na kugusa majani kama anavyogusa paji la mtoto. Sehemu ya juu ilijikunja, ikatoa magunzi yenye punje chache kama vicheko vya kulazimisha. Sehemu ya chini, karibu na kijito, ilivumilia. Tulivuna hapo. Hatukushiba mwaka ule, tulichanganya na maboga na kile baba alicholeta kutoka Katesh, lakini mdogo wangu hakulala bila kitu, na mahindi mapya ya mbegu yalipanda darini. Machache, ila yalipanda.

Yule mama jirani alikuja asubuhi moja na kigae chake. "Mmeamkaje?" Mama akampa kaa la moto kubwa kuliko alivyohitaji, na wakaongea mpaka likazimika.

Nilisahau kusema kwamba mwezi wa kwanza, jua liliporudi kutoka kusini, nililivizia. Lazima lingelipita pengo tena kwa njia ile ile, nikakumbuka kiazi cha mwalimu. Nilikwenda boma la zamani kila alfajiri mpaka likaingia kati ya majabali. Asubuhi iliyofuata nikakaa kwenye mlango wa nyumba mpya kuona linatokea wapi. Lilitokea juu ya mti mmoja mkavu, mbali kushoto. Nilimwonyesha babu: likitokea juu ya mti ule, kule bomani limeingia pengoni. Aliutazama ule mti muda mrefu, akatikisa kichwa kama anayesalimiana na mtu asiyemjua.

Msimu uliofuata macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Mwezi wa kumi na moja mawingu yalikaa juu ya kilima asubuhi nyingi, mengine yakapisha kidogo, mengine hayakupisha. Majirani walikuwa bado hawajaanza. Mvua ilikuwa imenyesha mara moja tu, ya kudanganya labda, au labda ya kweli. Asubuhi moja pakawa na mwanya mwembamba. Jua lilichomoza karibu na ule mti mkavu. Karibu. Sikuweza kuapa kama ni juu yake au pembeni yake.

"Umeona?" babu akauliza.

"Nimeona, babu."

"Sema basi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Baba, ambaye mwaka huo hakuwa amesafiri, aliacha kunoa jembe. Mdogo wangu alikuwa amekalia kinu, miguu inaning'inia. Nyuma yao, darini, kulikuwa na zile mbegu chache, na hapakuwa na nyingine. Nilikuwa na umri wa kuruka kamba. Nilijua nikikosea, tutakula nini, na nilijua mzee atasimama na kudondosha punje kwa neno langu, bila kuuliza mara ya pili.

Nikatazama tena, lakini mwanya ulikuwa umeshafungwa.

"Limeingia," nikasema.

Babu akashika fimbo yake, akasimama.